Marufuku ya Droni za Kigeni Marekani: Inamhusu Nini Mpiga Picha wa Mtwara na Mkulima wa Tandahimba?

SWALI: Shikamoo, mtaalamu. Mimi ni mpiga picha hapa Mtwara mjini. Nina droni moja ndogo ya DJI, ile kampuni ya China, ninayoitumia kwenye harusi na mahafali, na siku nisizo na kazi huirusha kwa kujifurahisha tu ufukweni. Kaka yangu aliyeko Tandahimba anafikiria kuchukua mkopo anunue droni kubwa ya kupulizia mikorosho. Muuzaji mmoja wa Kariakoo ametuambia kwamba Marekani imezipiga marufuku droni zote za kigeni, kwamba muda si mrefu zitaadimika duniani, na kwamba tununue sasa. Kiongozi mmoja wa chama chetu cha msingi cha ushirika naye anadai droni hizi zinapeleka siri za mashamba yetu China, na kwamba Tanzania nayo ingefaa izizuie. Tushike lipi?

JIBU: Marahaba. Maneno yote mawili mliyoambiwa yana chembe ya ukweli, ila kila aliyewaambia ameishia pale palipomfaa. Tarehe 22 Desemba 2025, Tume ya Shirikisho ya Mawasiliano ya Marekani iliziingiza droni zote zinazotengenezwa nje ya nchi hiyo katika orodha ya vifaa vinavyohesabiwa kuwa tishio kwa usalama wa taifa lao, pamoja na vipuri vyake muhimu kama vile mota, betri, kamera, vidhibiti vya urukaji na vifaa vya kurushia mawimbi. Kifaa kilichomo katika orodha hiyo hakipewi idhini mpya, na kisipokuwa na idhini hakiruhusiwi kuingizwa wala kuuzwa huko. Hapo ndipo muuzaji wenu aliponyamaza. Modeli zilizokuwa zimekwisha kuidhinishwa kabla ya tarehe hiyo hazikuguswa: aliyekuwa na droni yake aliendelea kuirusha, na duka lililokuwa na modeli za zamani liliruhusiwa kuendelea kuziuza. Mwezi uliofuata, Januari 2026, tume hiyo ililegeza masharti kwa baadhi ya droni, zikiwamo zile zilizochunguzwa na kukubaliwa na Wizara ya Ulinzi ya Marekani, hadi tarehe 1 Januari 2027.

Huenda ukashangaa tume ya mawasiliano inaingiaje katika mambo ya ndege. Inaingia kupitia redio. Droni yako huzungumza na rimoti kwa mawimbi, kwa kawaida katika masafa ya 2.4 na 5.8 GHz, na karibu kila nchi ina mamlaka inayoidhinisha vifaa vya mawimbi kabla havijauzwa. Kwetu ni Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania. Anayeshika idhini ya mawimbi ameshika mlango wa soko zima, hata asipokuwa na neno lolote kuhusu nani aruke wapi. Uamuzi wa tume ya Marekani unafunga mlango wa soko la Marekani peke yake. Haubatilishi idhini iliyotolewa Tanzania, wala hauigusi mashine iliyomo katika begi lako.

Neno "marufuku" linabeba mambo matatu tofauti, na madhara yake kwa mtu mdogo si sawa. Namna ya kwanza ni serikali kujizuia yenyewe kununua. Marekani ilianzia huko: sheria ya ulinzi iliyotiwa saini Desemba 2023 ilizizuia idara za serikali kuu kununua droni za China, na kabla yake, Oktoba 2022, Wizara ya Ulinzi ilikuwa imeiweka DJI katika orodha ya kampuni zenye uhusiano na jeshi la China, jambo ambalo DJI ililipinga mahakamani na kushindwa mwaka 2025. Namna ya pili ni kuzuia modeli mpya zisiingie sokoni, nayo ndiyo ya Desemba 2025. Namna ya tatu, iliyo kali kuliko zote, ni kuzuia hata mashine zilizokwisha kununuliwa zisitumike. Jimbo la Florida lilifanya hivyo mwaka 2023 kwa taasisi zake za umma, na vikosi vya polisi na zimamoto vikalazimika kuziweka kando droni zilizokuwa bado zinafanya kazi vizuri, kisha kutafuta nyingine kwa bei ya juu zaidi. Ukisikia tena kwamba nchi fulani imepiga marufuku droni, uliza kwanza ni namna ipi kati ya hizi tatu.

Njia iliyofuatwa kufikia uamuzi huo nayo inafundisha kitu. Sheria ya Desemba 2024 ilitaka mojawapo ya vyombo vya usalama vya Marekani ikague vifaa vya DJI na vya Autel, kampuni nyingine ya droni ya China, ndani ya mwaka mmoja. Ukaguzi usipokamilika, kampuni hizo zingeingia moja kwa moja katika orodha ile ya tume ya mawasiliano. Mwaka ukapita bila ukaguzi wa wazi kukamilika, na badala ya kampuni mbili zikaingia droni za kigeni zote. Mimi sidharau hofu ya usalama, kwa sababu droni ni kamera inayoruka na yenye kujua mahali ilipo. Hata hivyo, kizuizi kinachotazama kiwanda kilipo, bila kueleza kifaa chenyewe kimekutwa na kasoro gani, huwabebesha gharama watu ambao hawakuwa na sehemu yoyote katika ugomvi huo.

Watu hao wanaiona gharama polepole. Mpiga picha wa nyumba, mpima ardhi au mkulima wa huko Marekani hakuamka siku moja akakuta droni yake imegoma. Kilichomtokea ni kwamba droni atakayoihitaji baada ya hii aliyonayo haipo, au ipo kwa bei isiyolingana na kazi zake. DJI inakadiriwa kushika zaidi ya theluthi mbili ya soko la droni za kiraia duniani, na imefika hapo kwa kuuza mashine nzuri kwa bei ndogo. Ilipozindua droni yake ya Mavic 4 Pro mwezi Mei 2025, haikuiuza rasmi Marekani, na hiyo ilikuwa miezi kadhaa kabla ya uamuzi wa Desemba. Hofu ya kizuizi ilifanya kazi kabla ya kizuizi chenyewe. Upande wa pili, Skydio, kampuni ya Marekani iliyotajwa sana kuwa mbadala, ilikuwa imeacha kuuza droni za watu binafsi tangu Agosti 2023 ili iwahudumie polisi, majeshi na mashirika makubwa, yaani wateja wenye mifuko mirefu. Kizuizi kilichosemwa kuwa kitawainua watengenezaji wa nyumbani kimemwacha mpenzi wa kawaida wa droni bila mtengenezaji wa nyumbani anayemjali.

Wapenzi wanaounganisha droni zao kwa mikono, wale wanaonunua fremu huku, mota kule na kidhibiti cha urukaji mahali pengine, wamebanwa zaidi ya wanunuzi wa mashine kamili, kwa kuwa sehemu karibu zote hutoka China na orodha ile imetaja vipuri pamoja na ndege. Ni hasara inayopuuzwa kwa sababu haina risiti kubwa. Fundi wa kesho huanzia hapo, kwenye meza ya chumbani yenye chuma cha kulehemu na mota ya bei ndogo.

Na China nayo haikukaa kimya. Tangu tarehe 1 Septemba 2023 imekuwa ikitaka kibali kabla baadhi ya droni na vipuri vyake havijauzwa nje, hasa vile vinavyoweza kutumiwa vitani, kama kamera za kuona joto na mota zenye nguvu. Oktoba 2024 iliiwekea Skydio vikwazo, na kampuni hiyo ikalazimika kuwagawia wateja wake betri moja tu kwa kila droni, kwa sababu hata droni ya Marekani ilikuwa ikitegemea betri ya China. Mfano huo mmoja unatosha kuonyesha mahali udhaifu wa biashara ya droni ulipo, na ndio utakaotuongoza tunaporudi Mtwara.

Muuzaji wa Kariakoo anasema zitaadimika. Sioni sababu ya kuadimika kwa hapa kwetu katika muda mfupi. Mtengenezaji aliyefungiwa soko moja kubwa hutafuta masoko mengine, na Afrika Mashariki ni mojawapo. Huenda hata mkapata bei nzuri zaidi kwa kipindi fulani. Mashaka yangu yapo kwenye mashine zitakazofika kwa mlango wa nyuma: modeli za zamani zinazomaliziwa, droni zilizotumika zilizokusanywa ng'ambo na kuletwa hapa bila betri za akiba, au mashine zilizofungwa kwa akaunti ya mmiliki wa kwanza. Haraka ni silaha ya muuzaji. Akikuambia ununue leo, mwombe akuonyeshe betri za modeli hiyo zilizopo dukani, bei yake, na idhini ya Mamlaka ya Mawasiliano. Akisitasita katika lolote kati ya hayo matatu, kazi yako si kumsaidia kumaliza mzigo wake.

Kwa droni yako ndogo ya harusi, nakushauri utulie nayo. Haijapungukiwa thamani ya kazi kwa sababu ya uamuzi wa Washington, na bibi harusi wa Chikongola hatauliza ilitengenezwa wapi. Fedha ambayo ungeiweka kwenye mashine mpya, weka sehemu yake kwenye betri mbili za ziada, seti kadhaa za mapangaboi na rimoti ya akiba ukiweza, maana hivyo ndivyo vitakavyokukwamisha mapema. Betri za lithiamu huchakaa hata zikikaa bila kutumika, na joto la pwani yetu huziharakisha. Zihifadhi zikiwa na chaji ya nusu hivi, mahali penye kivuli, kamwe si kwenye buti la gari lililoegeshwa juani. Ukimwagiza ndugu akuletee kwa ndege, kumbuka kwamba mashirika ya ndege hutaka betri za akiba zibebwe kwenye begi la mkononi, kwamba betri inayozidi Wh 100 (kipimo cha nishati, huandikwa kwenye betri) huhitaji ruhusa ya shirika, na kwamba inayozidi Wh 160 haipandi kabisa na abiria. Betri ya droni ndogo kama yako kwa kawaida iko chini ya Wh 100. Za droni ya kaka yako ziko juu sana, hivyo zitafika Tandahimba kwa gari, au hazitafika.

Jambo jingine ni programu ya simu. Droni ya siku hizi ni nusu chuma na nusu programu, na programu ya DJI Fly kwa simu za Android imekuwa haipatikani katika duka la Google kwa miaka kadhaa sasa. Hupakuliwa kwenye tovuti ya kampuni yenyewe. Hii ina maana kwamba siku kampuni ikiacha kuihudumia modeli yako, au simu yako mpya ikikataa programu ya zamani, utakuwa na ndege nzima isiyoruka. Tenga simu moja ya zamani kwa kazi hiyo tu, yenye programu inayofanya kazi, na usikimbilie kila sasisho katikati ya msimu wa harusi. Nimeona wapiga picha wengi wakisasisha asubuhi ya sherehe, na sijui ni pepo gani huwatuma.

Sasa kaka yako, ambaye mambo yake ni mazito zaidi. Droni ya kupulizia aina ya Agras T40 ya DJI, kwa mfano, hubeba hadi kilo 40 za dawa, na ikijaa hufika kilo 90 wakati wa kuruka. Hiyo si kamera yenye mabawa, ni mashine ya shamba. Faida yake kwenye mikorosho ipo. Ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu wa mikorosho, hushambulia majani machanga na maua katika miezi ile ile ambayo kila mkulima anatafuta vijana wa kubeba mashine ya mgongoni, na wanaovuta vumbi la salfa ni vijana haohao. Droni humwondoa mtu kwenye vumbi na huufikia upande wa juu wa mti mrefu. Lakini hupulizia dawa ya maji, na juu ya uwanda wa Makonde, kuanzia Newala hadi Tandahimba, maji ni kitu cha kusafirisha. Kila ndoo itakayoingia kwenye tangi ina gharama yake. Kila mruko ni wa dakika chache tu, ndiyo maana kazi huhitaji betri kadhaa zinazozunguka na jenereta ya kuzichaji shambani, na jenereta hunywa mafuta. Kabla hajaenda benki, kaka yako afanye hesabu ya maji, mafuta na betri, maana bei ya droni peke yake humdanganya mtu.

Kisha aitazame kalenda. Upulizaji ni kazi ya katikati ya mwaka, ilhali fedha za mkulima hutoka baada ya mnada, kuanzia Oktoba na kuendelea, kwa utaratibu wa stakabadhi ghalani, ambao korosho huwekwa ghalani kwanza na mkulima hulipwa zikishauzwa. Mtoa huduma wa droni hukopesha huduma yake kwa miezi mitatu au minne, huku marejesho ya mkopo wake yakidai kila mwezi. Katika biashara ya namna hiyo, mota moja ikiungua mwezi Julai na kipuri kikachukua wiki sita kufika, msimu umekwisha na deni limebaki. Hapa ndipo vizuizi vya mataifa makubwa vinapoweza kumfikia kweli mtu wa Tandahimba. Vitamfikia kwa kupitia kipuri kilichochelewa au kibali cha kusafirisha kilichosubiriwa China, hasa akichagua modeli yenye kamera ya joto au mota kubwa ambazo muuzaji wa huko atatakiwa kueleza zinakwenda kwa nani na kwa kazi gani. Maoni yangu ni kwamba asinunue peke yake. Chama cha msingi kikiingia naye, au wakulima kadhaa wakalipia sehemu ya huduma kabla ya msimu, mzigo wa mashine iliyolala hautamwangukia mtu mmoja. Na kama hilo haliwezekani mwaka huu, akodi huduma kwa msimu mmoja auone uchumi wake kwa macho yake.

Nije kwa kiongozi wenu wa chama na suala la siri. Hakukosea kuuliza. Droni hurekodi mahali, saa na picha, na kumbukumbu hizo zinaweza kupakiwa kwenye mtandao mtumiaji akiruhusu. DJI yenyewe iliacha kupokea kumbukumbu za miruko ya watumiaji wa Marekani mwaka 2024 kwa sababu ya hofu hiyohiyo. Kinga ya kwanza iko mikononi mwenu na haina gharama: rusha droni huku data ya simu ikiwa imezimwa, kataa kusawazisha kumbukumbu za miruko, hifadhi picha kwenye kadi na kompyuta yako. Lakini napenda kumuuliza kiongozi huyo ni siri gani ya mkorosho anayoihofia, wakati picha za setilaiti za shamba hilohilo zinaonekana kwa mtu yeyote mwenye simu. Taarifa nyeti za shamba ni majina ya wakulima, ukubwa wa maeneo yao na mavuno yao, na hizo mara nyingi huvuja kutoka kwenye daftari na makundi ya WhatsApp kabla droni haijaruka. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inamhusu mwenye droni kama inavyomhusu mwenye daftari, na inamhusu pia mpiga picha wa harusi anayeweka nyuso za wageni mtandaoni bila kuwauliza.

Unyeti wa kweli katika mikoa yetu uko kwenye maeneo, hata kama droni imetengenezwa Uswisi. Mitambo ya gesi ya Madimba, visima vya Msimbati, Songosongo kule Kilwa, bandari na uwanja wa ndege wa Mtwara, na ukanda wote wa Mto Ruvuma unaotazamana na Cabo Delgado ya Msumbiji, ambako kumekuwa na mapigano tangu mwaka 2017, si mahali pa kurusha droni kwa kujifurahisha. Wewe unayerusha ufukweni lichukulie hilo kwa uzito. Askari anayeona kitu kinaruka karibu na mpaka hana namna ya kujua kwamba unatafuta picha ya machweo.

Je, Tanzania izuie droni za kigeni? Kwetu swali hilo lina ugumu wake, kwa sababu karibu kila droni inayouzwa hapa ni ya kigeni. Zile zilizotumika kupiga ramani ya Zanzibar nzima kuanzia mwaka 2016 zilitoka Uswisi. Zile za harusi zinatoka China. Kizuizi cha aina ya Marekani hapa kingekuwa ni kuzuia droni, basi. India ilijaribu njia ya kati: Februari 2022 ilizuia kuingizwa kwa droni kamili lakini ikaacha vipuri viingie, ili viwanda vya ndani viunganishe, na wakati huohuo ikawapa watengenezaji wake ruzuku. Ilikuwa na mafundi na viwanda vya kuanzia. Bila hivyo, katazo lingewaacha kazini wale tu wanaoweza kuleta mashine kwa kibali maalumu, yaani miradi na kampuni kubwa, na lingemwondoa mpiga picha wa Mtwara, mpima viwanja wa Lindi na kijana wa Nachingwea anayetengeneza droni zilizoanguka. Naunga mkono jambo jembamba zaidi: kwa kazi nyeti za serikali na za gesi, ziwekwe kanuni za kifaa na za utunzaji wa data zinazopimika, bila kujali kimetoka nchi gani.

Hayo yakisemwa, kizuizi kinachowahusu ninyi leo hakitoki Marekani. Kinatokana na kanuni za ndege zisizo na rubani za mwaka 2018, zinazosimamiwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, ambazo hutaka droni isajiliwe na mrushaji awe na kibali, pamoja na ridhaa ya Wizara ya Ulinzi. Wengi huona usumbufu wa vibali hivyo, huvipuuza, kisha hubaki wakihofia taarifa za ng'ambo. Kama droni yako haijasajiliwa, anza hapo wiki hii. Kaka yako naye aulize mapema masharti ya mashine nzito na ya anayemwaga viuatilifu kutoka angani, kwa sababu ni makali kuliko ya kamera ndogo, na benki au chama makini kitayataka maandishi hayo kabla ya kutoa shilingi. Akikamilisha vibali na hesabu ya maji, amrudie muuzaji wa Kariakoo na swali moja la kujibiwa kwa maandishi: mota ikiungua Julai, itafika Tandahimba baada ya siku ngapi?